Baridi ya mwezi wa saba inatupasua ngozi, munafanya namna gani hapa L'shi (Lubumbashi, Congo)?

Mama_wa_Katuba
Jambo yenu bote. Tangu baridi imeingia mwezi wa sita, ngozi za batu hapa kwangu zimeharibika kabisa. Mutoto wa miaka saba anaamka miguu imepauka mpaka inaonekana nyeupe, ukipitisha kucha mustari unabaki, na midomo akicheka tu inatoka damu. Miye bisigino byangu bimepasuka mpaka binakamata nyuzi za blanketi. Kila asubuhi namupakaa glisirini mbele aende ku masomo lakini saa ine iko kavu tena na vumbi yote ya barabara imegandia pale. Jirani ananiambia ninunue krimu fulani ku soko ya Kenya (commune ya hapa L'shi, benye kuwa mbali musifikirie inchi ya Nairobi), eti inalainisha na kung'arisha. Maji tunachemsha ku braise (makala) na tunaoga ya moto sana, juu asubuhi haiwezekani kabisa kuoga ya baridi. Munisaidie.

Infirmier_Kampemba
Mama, mbele ya krimu tuanze na ile maji ya moto. Ngozi iko na mafuta yake yenyewe yenye kushika maji ndani, sasa maji ya moto na sabuni kali vinayatoa yote, halafu hewa ya huku kiangazi ni kavu, mvua hakuna mpaka karibu mwezi wa kumi, inavuta na kale kamaji kenye kubakia. Muogeshe na maji ya vuguvugu, haraka haraka, dakika tano inatosha. Sabuni ya mche muiache ifue nguo. Na hata sabuni ya kuogea, mupitishie makwapa, sehemu za siri, miguu na kwenye uchafu, kule kwingine maji peke yake.

Kisha hapa ndiyo kuna kazi yenyewe: usimusugue na taulo mpaka akauke. Mupanguse kwa kugusagusa tu, ngozi ingali na unyevu umupakae hapohapo, usingoje mpaka avae na anywe chai. Glisirini tupu kwa hewa kavu namna hii inaweza kuvuta maji ya ndani ya ngozi, tia maji kidogo mukononi uchanganye, pakaa, na juu yake vazelini kidogo ya kufunga. Vazelini yenyewe haileti maji, inazuia tu yasitoke, ndiyo maana ukipaka kwenye ngozi imeisha kukauka unaona haisaidii. Midomo pia vazelini, na umukataze kuilambalamba, mate yakikauka yanaipasua zaidi.

Bisigino: jioni loweka dakika kumi, sugua polepole na jiwe, wembe hapana!! Pakaa vazelini nyingi, vaa soksi, lala. Mwenye kisukari asijichezeshe na nyufa za miguu, aende kituo cha afya.

Yaya_Ruashi
Mama Katuba hiyo krimu ya kung'arisha iache palepale ku soko. Geuza boîte (kopo) usome nyuma, ukikuta hydroquinone ao clobetasol ujue ni ya kujichubua, na zingine ziko na zebaki na hawaandiki kabisa. Wiki za kwanza ngozi inalainika kweli na kila mutu anakusifu, kisha inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na siku unaiacha inawaka moto. Kwa mutoto ndiyo mbaya zaidi juu ile dawa inapita ngozi inaingia mwilini. Benye kuuza bo banajua tu faida yabo.

Mukatangais_Montréal
Miye niko Canada, huku mwezi wa kwanza inaweza kufika -20 na batu ba huku bananicheka eti ninyi muko na baridi gani huko Katanga. Ukweli ni kwamba huku chenye kukausha ngozi sana ni shofaji (mashini ya kupasha moto) ya ndani ya nyumba kuliko hata teluji ya inje, banaweka kamashini ka kutoa mvuke chumbani. Nyinyi shofaji hamuna, lakini usiku ikishuka chini ya digrii 10 batu banaingiza braise mu chumba na kufunga madirisha. Tafadhali apana, ile gesi ya makala haina harufu na inaua batu wakiwa usingizini. Mengine ni yaleyale: krimu nzito ya boîte kuliko losioni ya maji maji, kwa miguu ya wakubwa yenye urea 10% (ya kulainisha ngozi ngumu) ni nzuri sana, na triko ya sufu usiivalishe mutoto juu ya ngozi, tanguliza singlet ya pamba.

Papa_Jumeaux
Kuongeza tu, baridi haimaanishi jua imelala. Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari na kiangazi mawingu hakuna. Mutoto wangu mumoja ni albino, yeye krimu ya jua SPF (kipimo cha kuzuia jua) 30 ao zaidi mwaka muzima, kofia pana na mikono mirefu hata saa ile anatetemeka.

Mama_wa_Katuba
Aksanti sana ba yaya na ba papa. Krimu nimeacha. Sasa kitu kimoja, mutoto anajikuna sana usiku, katikati ya vidole na ku kiuno, na mudogo wake wanalala naye ameanza pia. Ni baridi ileile?

Infirmier_Kampemba
Hapo mama sasa umesema jambo lingine. Kujikuna usiku, katikati ya vidole, na watu wawili wa kitanda kimoja, hiyo inafanana na upele wa wadudu (gale), na vazelini haiwezi kuuponya. Uwapeleke wote wawili waonwe. Ikiwa ni yenyewe watakupatia dawa ya kupakaa, benzyl benzoate ao permethrin, uulize kipimo cha mutoto, na nyumba nzima mupakae siku moja, hata mwenye hajikuni, kama si vile mutaambukizana tena. Siku hiyohiyo fua mashuka na nguo na maji ya moto, uanike juani, blanketi lenye haliwezi kufuliwa ulifunge mu mufuko siku kama tatu ine. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu hata wadudu wamekufa, usirudie dawa kila siku juu ya ule mwasho.

Yaya_Ruashi
Na wale anacheza nao ku parcelle (kiwanja) uwaambie wamama zao. Najua ni haya, lakini uwaambie.