MREJESHO: Roboti ya kuunganisha modeli za nta

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini roboti yetu ikibandika modeli za nta (maumbo ya nta ya bidhaa zitakazomiminwa kwa metali) kwenye shina (nguzo ya nta inayobeba modeli nyingi pamoja), baadhi zinadondoka na nyingine zinabaki na ufa mwembamba kwenye kiungo, wakati fundi akiunganisha kwa mkono hakuna shida.

Aliyesema tuangalie muda kati ya kuondoa kisu cha moto na kukutanisha nyuso mbili alilenga penyewe. Nta iliyoyeyuka huanza kuganda mara tu joto linapoondoka. Fundi huliona hilo kwa jicho, akaharakisha. Roboti inafuata programu tu. Tumeifupishia njia, nyuso zote mbili zinayeyushwa kwa pamoja, kisha inagandamiza kidogo na kutulia hadi kiungo kishike ndipo iachie. Kudondoka kumeisha.

Ufa ulikuwa na chanzo kingine. Modeli zilikuwa zinaletwa bado zina joto la mashine iliyozitengeneza, na nta husinyaa ikipoa, kwa hiyo kila moja ilikuwa na kipimo chake. Sasa zinapoa kwanza kwenye chumba chenye joto lisilobadilika. Na ufa huu si wa kupuuza jamani: uji wa seramiki, unaopakwa juu ya nta ili uwe ganda la kumiminia metali nta ikishayeyushwa na kutolewa, hupenya humo, ukikauka unabaki ukingo mwembamba, na ukimegeka wakati wa kumimina metali vipande vinaishia ndani ya bidhaa.

Ushauri wa kununua kamera ya kuiongoza roboti sijaufuata. Kwa modeli zinazojirudia kwa wingi, kishikizi kizuri, kinachoshika kila modeli mahali palepale, kinatosha. Oda ndogo zenye maumbo ya ajabu tumewaachia mafundi. Wanazimaliza kabla hata hujamaliza kuipanga roboti upya.