Maduka ya stika Arusha: kama dekali za maji hamziwezi, acheni kupokea hela zetu

Wakuu, nina hasira na sitaki kuzipunguza makali. Kama kuna mwenye duka la kuchapisha stika hapa mjini anasoma, haya yanamhusu.

Ninajenga modeli ya plastiki ya Boeing 787-8 ya kampuni ya Zvezda, skeli ya 1/144 (ndogo mara 144 kuliko ndege halisi), katika sura ya ile Dreamliner ya Air Tanzania, 5H-TCG, iliyofika nchini Julai 2018. Ndege ya karibu mita 57 inabaki sentimita 39 na ushee juu ya meza. Ni oda ya mzee mmoja aliyefanya kazi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, miaka mingi, anaitaka sebuleni kwake. Dekali (picha nyembamba za kubandika kwenye modeli) za kwenye boksi si za kwetu, kwa hiyo twiga, bendera, jina la shirika na namba za usajili lazima vichapishwe.

Nikaenda duka moja la katikati ya mji, wale wanaopiga stika za Land Cruiser za safari na maandishi ya vifodi. Nikauliza kabla sijatoa hata shilingi: dekali za maji mnazijua? "Tunafanya kila siku kaka, acha faili na hela." Nikawaachia na karatasi yangu mwenyewe, maana hapa mjini sijaona anayeiuza, naiagiza nje. Nikaeleza taratibu: hii ni ya printa ya wino, chapeni kwa ukubwa halisi asilimia mia, iacheni ikauke, kisha pigeni klia (vanishi isiyo na rangi) mikono kadhaa myepesi. Klia nikailipia.

Kwa wasiojua: karatasi hiyo ina gundi inayoyeyuka kwa maji, juu ya gundi kuna utando mwembamba sana, na picha inakaa juu ya utando. Ukiiloweka, utando unaachia karatasi, unautelezesha mpaka mahali pake kwenye bodi ya ndege. Wino wa printa ya kawaida ya wino nao unayeyuka kwa maji. Klia ndiyo kinga pekee. Bila klia huna dekali.

Nikaletewa bahasha, nikaambiwa klia ipo. Nikamtumbukiza twiga majini na shingo ikayeyuka mbele ya macho yangu. Bendera ikawa tope la kijani na bluu. Hawakupiga hata tone! Walichukua hela ya klia, wakaniambia ipo, na haikuwepo.

Na hata ingekuwepo, vipimo vilikuwa vibovu. Mtu kaiachia kompyuta ibane picha ili itoshee ukurasa, kila kitu kikapungua. Mtasema ni kitu kidogo. Sheria za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Kiambatisho cha 7, zinataka herufi za usajili ubavuni mwa ndege ziwe na kimo kisichopungua sentimita 30. Kwenye skeli yangu hizo ni milimita 2 na nukta kidogo. Hapo hakuna pa kupunguza. Mzee aliyeziangalia ndege hizi kila siku ya kazi ataona kabla hajakaa kitini.

Niliporudi, suluhisho lao likawa stika ya kawaida. "Hii haitoki hata kwa mvua." Sikuomba kitu cha mvua! Stika ya kuchapisha ya gari ina unene wa maikroni 80 hadi 100. Zidisha mara 144 uone: kwenye ndege halisi ni zaidi ya sentimita moja, kama ubao uliopigiliwa ubavuni. Dawa za kulainishia dekali kama Micro Sol haziigusi, haizami kwenye mistari ya paneli, na kwenye mkunjo wa pua inanyanyuka kona.

Stensili ndiyo iliyonimaliza. Rangi ya mkia nilitaka kuipuliza mwenyewe, nikaomba wanikatie stensili kwa mashine yao. Nikawatajia filamu kwa jina: Oramask 813, na kama haipo basi Oracal 631, ambayo gundi yake inabanduka. Wakakatia kwenye 651, gundi ya kudumu, ya kazi za nje. Fundi mwenyewe alinithibitishia kwenye simu baadaye, bila wasiwasi wowote, kwamba "zote ni stika tu". Nilipoibandua ikaondoka na rangi nyeupe na praima hadi kwenye plastiki. Kazi ya kupiga msasa, kupuliza na kusubiri ikauke, yote chini.

Nikadai hela yangu. Jibu: rangi yako mbovu, na hela ikishaingia haitoki. Rangi yangu ilikauka vizuri na nilikuwa nimeshaipiga klia ya kung'aa, kwa sababu uso usiong'aa wenye chembechembe unanasa hewa chini ya utando na kuacha ukungu mweupe kuzunguka kila herufi. Hilo nalijua. Wao hawakujua hata kwa nini nauliza.

Na mtu asije hapa kuniambia ni midoli ya watoto. Mteja kalipa, kazi ina tarehe, na jina linaloharibika ni langu. Mngesema "hatuwezi" mlangoni ningewashukuru na kwenda zangu. Karatasi yangu ingebaki, rangi yangu ingebaki.

Nataka mambo mawili. Aliyewahi kuchapiwa dekali za maji Arusha au Moshi zikakaa, aseme ni printa ya aina gani iliyotumika. Na mwenye printa ya leza ya rangi anayekubali kupitisha karatasi ya dekali ya leza (ya wino msiiweke humo, joto la ndani linaweza kuyeyusha utando ukagandia mashine), ajitokeze na aweke bei hapa hapa kwenye uzi. Moshi nakuja hata kesho. Nitataka kuona kipande cha majaribio kikilowekwa majini mbele yangu kabla ya kulipa.