RAV4 ya 1998 iliyokuwa ikikodishwa Paje au IST ya 2004? Naomba ushauri kabla sijalipa

mwalimu_fuoni

Assalaam alaykum wadau. Nnaomba msaada wenu na iwe mapema kidogo, maana mwenye gari ashanambia nimpe jibu Jumamosi. Mie ni mwalimu wa skuli, nakaa Fuoni hapa Unguja, kazini kwangu Bububu, na kila baada ya wiki mbili lazima niende Makunduchi kumtazama bi mkubwa, presha inamsumbua na ikitokea usiku kumtoa kule mpaka hospitali ya mjini ni mtihani mkubwa. Nimedunduliza miaka minne nina milioni 9, na hapo ndipo zilipokomea, hakuna nyengine nyuma yake.

Gari ziko mbili. Ya kwanza RAV4 ya 1998 milango mitano, ilikuwa ikikodishwa kwa wageni Paje, rangi mpya inang'ara, viti vimeshonwa upya, anataka milioni 9 kasoro kidogo. Ya pili IST ya 2004 ya mama mmoja wa Jang'ombe, rangi imepauka juu ya paa na boneti, bampa la mbele lina mkwaruzo, kilomita zinasoma 168,000, naye anataka 8 na nusu. Moyo wangu uko kwenye RAV4 kwa sababu iko juu na njia ya kuingilia kwetu Makunduchi ni mawe matupu, ila baba mdogo kanambia gari ya pwani usiinunue kwa macho. Fundi wangu mwenyewe sina. Nitazame nini? Na nikishainunua niitunze vipi isije ikanilia mshahara wote?

Spana14_Mkwerekwe

Wa alaykum salaam mwalimu. Baba yako mdogo kasema kweli, msikilize. Mie miaka ishirini na mbili niko chini ya magari na nnakwambia hapa kwetu watu wengi hukosea mwanzo tu, wakifika wanafungua boneti. Injini ya hio RAV4 ni 3S, injini ngumu khasa, na hata ikifa utapata ya mtumba ukafunga ukaendelea na safari zako. Lakini bati likishaliwa na chumvi huendi dukani ukanunua jengine. Na sikiliza hili, RAV4 haina chesisi yake mbali kama zile Escudo za zamani, kwenye RAV4 bodi lenyewe ndio chesisi, kwa hivo kutu ikiingia chini gari nzima imeingiliwa, hata ukiipiga rangi ya dhahabu.

Na gari za kukodisha pwani mgeni haoni tabu kuipeleka mpaka mchangani maji yakitoka, anapiga picha anarudi, jioni inaoshwa juu tu ing'are kwa mgeni wa kesho. Chini nani anapita? Mchanga wenye chumvi umekaa kwenye kona za bati miaka na miaka.

Fanya hivi. Nenda na bisibisi na kipande cha sumaku, hata ya spika mbovu, ivishe kitambaa usije ukakwaruza rangi ya mtu. Sumaku ipitishe taratibu chini ya milango na juu ya matao ya matairi, pale inapokataa kushika ujue hamna bati, pana fila, ule udongo wa kuzibia bati, imepakwa ikapigwa msasa. Halafu ingia chini, lala kabisa kwenye jamvi. Gonga kwa mpini wa bisibisi ule ukingo wa chini ya milango wote, kuanzia mbele mpaka nyuma, bati zima linalia kali, bati bovu linajibu kama unagonga boksi. Tazama pale pa kuwekea jeki, tazama pale mikono ya nyuma inaposhikana na bodi, tazama shokapu za nyuma zinakoshikia juu. Na usitoke huko chini bila kuzifuata paipu za breki na kidole kutoka mbele mpaka nyuma, zile ni chuma, zikioza siku utakayokanyaga kwa nguvu ndio siku itakayopasuka. Hilo peke yake lingetosha mie kuikataa gari.

Ukikuta chini kumepakwa lami nyeusi mpya basi zidisha wasiwasi. Mwaka jana kuna kijana kaniletea gari kainunua wiki hio hio, chini nyeusi tii imependeza, nikaikwangua kidogo tu ikaanza kubanduka vipande vipande kama magamba ya changu, na ndani yake kutu nyekundu ya unga inaanguka usoni kwangu. Kijana alikaa pale kwenye tairi kimya. Sikuwa na la kumwambia.

Hio IST rangi kupauka sio ugonjwa, jua tu hilo. Gari iliyopauka bila kufichwa mie nnaipenda kuliko inayong'ara.

binti_mazizini

Mwalimu, kaka Spana kamaliza ya chuma, mie nikwambie ya karatasi maana yalinikuta. Gari yangu ya mwanzo nilimpa dalali pesa yote, gari ikaja nyumbani, furaha tele, siku nnakwenda kubadilisha jina ndio nnaona jina la kwenye kadi ya gari sio la yule aliyeniuzia wala sio la dalali, ni la mtu mwengine ambae hata hayupo nchini. Nilihangaika miezi minane, gari iko uani nnaiwasha tu betri isife.

Kwa hivo kabla ya shilingi moja kutoka, muombe kadi ya asili sio kopi, mlinganishe jina na kitambulisho cha anaekuuzia, kisha linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bati lenyewe, herufi kwa herufi, na usitosheke na ile ya kwenye kibandiko. Kama namba imekwanguliwa au bati la pale limechomelewa geuka urudi nyumbani. Nenda na namba ya gari ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, uulizie kama haina deni, maana deni la mwenzio litakuja kuwa lako. Mkikubaliana andikianeni kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na mashahidi wa pande mbili, na pesa lipa siku mnayokwenda kubadilisha jina, sio kabla.

Jengine, yule mama wa Jang'ombe muulize gari kamiliki miaka mingapi na fundi wake nani. Mwenye gari mmoja aliyekaa nayo muda mrefu anajua kila kitu kilichobadilishwa, mwengine anazo mpaka risiti kwenye kijaluba. Gari ya kukodisha kila siku dereva mpya, nani atakwambia historia yake? Na usiogope kilomita 168,000, mie ningeogopa zaidi gari ya umri ule inayosoma 60,000. Kilomita zinarudishwa nyuma, lakini pedeli ya breki iliyolika mpira na usukani uliochubuka hazirudi.

Mpemba_wa_Wete

Assalaam alaykum. Huku kwetu Pemba spea nyengine tunaisubiri na meli kutoka Unguja, kwa hivo tumejifunza kuijua gari kabla ya kuinunua na kuitunza isituangushe. Nnaongeza ya injini na gea.

Mwambie muuzaji asiiwashe, unakuja alfajiri. Ukifika wewe mwanzo weka kiganja juu ya boneti, ikiwa vuguvugu ujue keshaiwasha kabla yako na kuna kitu hataki ukisikie. Washa switchi bila kupiga stata, taa ya injini pale kwenye dashibodi lazima iwake, ukipiga stata izime. Isipowaka kabisa mtu kaitoa au kaiziba ili usione kosa. Kisha piga stata na umuweke mtu nyuma atazame moshi. Mwembamba mweupe wa asubuhi unaopotea ni mvuke tu. Wa buluu inakula oili, mweusi inakula petroli nyingi, na mweupe mzito usiokwisha ni maji yanaingia ndani, gasketi ya hedi hio. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando kama maziwa ya chai hakuna la kujadili tena.

Wacha injini ingurume palepale mpaka ipate moto ipasavyo, dakika ishirini, usione haya, na feni ya rejeta uisikie ikiwaka na kuzima yenyewe. Gea vuta kijiti cha haidroliki unuse, nyekundu safi sawa, ikiwa nyeusi na inanukia kuungua, iache. Halafu ipeleke kwenye kilima. Sie huku vilima ndio nyumbani, gea mbovu inajitangaza yenyewe kwenye mpando, injini inapiga kelele na gari haiendi. Kwa Unguja tafuta mpando wowote. Kata kona usukani mpaka mwisho kulia na kushoto polepole, ikilia tak tak tak jointi za mbele zimekwisha.

Vuta mkanda wa kiti wote mpaka mwisho, ukiona mstari wa tope huko ndani gari ilishazama. Mnakumbuka Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu masika maji yakijaa barabarani, gari ngapi zililala mle. Tairi nazo zina tarehe, tafuta namba nne ndani ya duara refu ubavuni, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata, yaani meno ya tairi, nzuri lakini mpira umeshazeeka, hizo zinapasuka.

Sasa kutunza, na hapa nnakuomba unisikilize sana mwalimu. MAJI YA KISIMA USITIE KWENYE REJETA. Visima vya pwani vina chumvi, vinakula alumini ya injini kimyakimya na rejeta inajaa uchafu mwekundu, halafu siku moja gari inachemsha Jozani usiku na mgonjwa nyuma. Tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na ukikwama njiani tia maji ya chupa ya kunywa kisha ukayabadilishe. Na akitokea fundi kukwambia tutoe thamostati, kile kilango kinachoongoza maji ya kupoza injini, kwa sababu nchi yetu ya joto, mkatalie. Injini ya IST imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto lake maalumu, ukiitoa inakula petroli na inalika. Gari inayochemsha itafutwe kwa nini inachemsha.

mwalimu_fuoni

Allah awalipe kheri nyote. Kaka wa Wete, oili nibadilishe lini? Maana safari zangu ni fupi, kwa mwezi sifikishi kilomita 1,000.

Mpemba_wa_Wete

Kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Safari fupi ndizo zinazochafua oili, injini haipati kukaa na moto wake. IST hio ina cheni ya taiming haina belti, na cheni inaishi kwa oili safi, ukichelewesha inaanza kulia asubuhi krrr. Pima kijiti kila Ijumaa kabla hujenda msikitini, injini yake ikizeeka huwa inakunywa oili kidogo, ukiacha kupima utakuja kujua ishanoki. Ile 3S ya RAV4 ina belti, ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama muuzaji hana ushahidi hesabu kwamba haijabadilishwa. Oili ya breki nayo miaka miwili, inavuta unyevu na hewa yetu unyevu haukosi.

Spana14_Mkwerekwe

Na kila ukirudi Makunduchi piga maji ya bomba CHINI ya gari, sio juu tu, matao ya matairi na ule ukingo. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, vizibue kwa njiti, vikiziba maji yanakaa ndani ya mlango na unaoza kutokea ndani, ukija kuona pele kwenye rangi umeshachelewa.

mwalimu_fuoni

Wadau narudi na habari. Jana nilikwenda Paje na baba mdogo. RAV4 injini kweli inanguruma vizuri, nusura nisahau mliyonambia. Nikatandika gunia nikaingia chini. Upande wa dereva nikagonga, ikalia. Upande wa abiria nyuma ya mlango wa pili sauti ikabadilika, nikasukuma bisibisi kwa kidole kimoja tu, ikaingia mpaka kwenye mpini na ukatoka mchanga. Mchanga kabisa, mweupe, ukanimwagikia kifuani. Baba mdogo akauona akasema inuka twende. Muuzaji alisema hilo dogo tunachomelea, nikamshukuru nikaondoka.

IST nimeikuta asubuhi ya leo baridi. Taa inawaka na kuzima, moshi hamna, feni inafanya kazi, chini pana kutu ya juu juu tu na paipu za breki nzima. Jointi ya kushoto inalia ukikata kona, tairi mbili zina 1815, na rejeta ilikuwa na maji matupu mekundu. Yule mama kanambia mwenyewe kabla sijamuuliza, kwamba mumewe ndie alokuwa akiishughulikia na tangu afariki gari haijafunguliwa. Kadi ina jina lake. Tumekubaliana milioni 7 na laki 8 kwa sababu ya hayo, Jumatatu tunakwenda kwa sheha kisha kubadilisha jina. Kilichobaki nnaanza na jointi, tairi na kulanti. Wasiwasi wangu umebaki yale mawe ya Makunduchi, IST iko chini. Niinyanyue springi?

Spana14_Mkwerekwe

Hongera mwalimu, umenunua gari ya kweli. Springi usiinyanyue, utaziua jointi hizo hizo unazotia mpya. Tutakutengenezea bati nene la kukinga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kule kwenye mawe jiwe kubwa lipandishie tairi usilipitishe katikati. Kabla ya kutia kulanti rejeta isafishwe mpaka maji yatoke meupe, na hosi zake za mpira nizibinye, maana zilizokaa na maji yale huwa laini kama ndizi mbivu. Nitafute hapa ndani ya ujumbe nikuelekeze banda, ukishabadilisha jina njoo Jumapili asubuhi ingali baridi, uje na oili na filta yake.