Uliyewahi kulala hoteli za bei nafuu karibu na JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ukisubiri ndege ya kuunganisha, tupeane uzoefu

Mkazi wa Syokimau
Wakuu, habari za jioni. Jana nimempokea shemeji yangu kutoka Bujumbura, anaelekea Guangzhou. Ndege ya kwanza imemshusha usiku, ya pili ni kesho yake jioni. Hakutaka kutusumbua nyumbani, akawa ameshalipia chumba mtandaoni huko Embakasi. Tulipofika nikaona lile geti la mabati, ile korido yenye taa moja, na yule kijana wa mapokezi amejifunika blanketi hadi kichwani. Nikamwambia shemeji rudisha begi kwenye gari, tunaenda nyumbani, dada yako ataniuliza.

Najua humu wengi mmepita huko. Ulilala mtaa gani, ilikuwaje, na anayekuja kesho umwambie nini? Majina ya hoteli tuyaache, mtaa unatosha.

Mzee wa Mizigo
Umenigusa penyewe. Mimi nilikuwa natoka Lubumbashi, natua JKIA saa saba za usiku. Kwenye mtandao hoteli imeandika "gari la kukupokea bure". Nimekaa pale nje kwenye baridi napiga simu, inaita hadi inakatika. Napiga tena, inaita. Mara ya mwisho ikapokelewa, nikasikia mtu anapumua, halafu ikazimwa.

Nikachukua teksi. Nafika, mlinzi ananiambia ngoja nimuamshe dada. Dada anatoka macho mekundu, anafungua daftari, anageuza kurasa mbele na nyuma. Ananiambia, "Baba, chumba chako tulimpa mtu, tulidhani huji." Nimelipa! Risiti iko kwenye simu! Akasema nisiwe na wasiwasi, wana tawi. Tukatembea na mlinzi usiku ule, mimi naburuta sanduku kwenye kokoto, gurudumu moja likang'oka. Tawi lenyewe ni jengo halijaisha, ghorofa ya tatu, ngazi hazina reli. Chumba kina kitanda, godoro bado lina nailoni yake, na dirisha limezibwa kwa gunia la saruji. Bafuni kuna shawa ya umeme, waya uko nje. Nilivyogusa bomba nikarushwa hadi ukutani. Sikuoga. Nilikaa kitandani na viatu mguuni hadi adhana ya alfajiri.

Kilichoniuma hadi leo ni kwamba pesa hawakurudisha. Walisema "si ulilala?"

kajumbe
Hilo "tawi" nalijua. Mimi nililikuta limeshapakwa rangi, lakini mbichi. Koti langu lilibaki na alama.

Teksi Cabanas
Mimi ni dereva, nashinda barabara hiyo. Niwaambie kitu ambacho hoteli hawawaambii. Wakiandika "dakika tano kutoka uwanja wa ndege" wanapima kwa jicho la ndege. Nyingi ziko upande wa uwanja wa zamani wa Embakasi, ule uliofunguliwa 1958. Jengo la abiria la sasa lilijengwa ng'ambo ya barabara ya kurukia, likafunguliwa 1978. Kwa hiyo kwenye ramani unaona mko pua na mdomo, lakini gari lazima lizunguke. Asubuhi ya Jumatatu kuzunguka huko ni saa nzima na hujafika. Ukipiga simu hotelini usiulize "mko mbali?" Uliza: niko jengo la abiria, nipitie barabara gani, na saa kumi na moja alfajiri inachukua muda gani. Akianza kujikanyaga, tafuta nyingine.

Mama Shiru
Kwa nini msilale Mlolongo tu? Vyumba ni vingi, chakula usiku kucha, bei nzuri.

kajumbe
Mlolongo! Dada, Mlolongo mtu analala? Pale ndipo malori yote ya Mombasa yanapopimwa uzito. Usiku kucha ni breki za hewa na honi. Na muziki chini ya chumba.

Mama Shiru
Nimeishi hapo miaka na nalala vizuri. Watu wa Embakasi mnadharau Mlolongo kwa sababu iko Kaunti ya Machakos, semeni ukweli.

Teksi Cabanas
Dada yangu, hakuna aliyedharau. Lakini msafiri akilala Mlolongo ajue barabara ya juu ya kulipia, ile ya 2022, bodaboda hairuhusiwi kupanda. Ukichelewa huwezi kusema utakimbizwa na boda huko juu. Utabaki chini na malori.

Mama Shiru
Sawa, hilo nakubali. La honi sikubali.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, mnazungumzia nyakati za raha. Sisi tuliokwama Agosti 7, 2013, siku moto ulipoteketeza ukumbi wa abiria wanaowasili, tunajua kukosa chumba ni nini. Ndege zinazoingia ziligeuzwa, nyingine zikapelekwa Mombasa. Loji zote za Embakasi zilijaa kabla ya saa sita mchana. Nililala kwenye benchi la kanisa, na mchungaji alinipa blanketi. Baadaye jengo la kuegeshea magari ndilo likageuzwa kuwa ukumbi wa abiria.

Bint Kikwajuni
Nimesoma nikasema nipite kimya, lakini alipoandika Mwalimu nimeona na mimi niseme.

Septemba 2024 nilimpeleka bimkubwa Mumbai kwa matibabu. Tulitoka Unguja, tukaingia Nairobi usiku wa tarehe 10, tuunganishe siku ya pili. Tukalala loji moja Embakasi, vyumba visafi kwa kweli, sina la kuilaumu. Bimkubwa ana sukari, anachoma insulini kila anapokula. Tulikuwa na peni ya kuchomea insulini anayotumia na nyingine za akiba, zote nimezitia kwenye chupa ya chai yenye barafu.

Asubuhi tunafika uwanjani, watu wamejaa nje mpaka barabarani. Wafanyakazi wamegoma tangu usiku, wanapinga uwanja kukodishwa kwa kampuni ya Adani. Hakuna anayeingia, hakuna anayejua lolote. Watoto wanalia, wazee wamekaa juu ya mabegi. Bimkubwa miguu imevimba. Nilipoona jua linapanda, nikamrudisha loji. Barafu yote imeshakuwa maji.

Loji haina friji. Chini kuna mgahawa mdogo, mama mmoja wa Kikamba anauza chapati na maharagwe, ana friji la soda lenye mlango wa kioo. Nikamweleza. Hakuniuliza mara mbili. Alichukua kopo la Blue Band, akalikosha, akalikausha kwa kanga yake, akazitia peni ndani, akabandika plasta juu na kuandika DAWA YA MGONJWA. Akaliweka rafu ya kati, akaniambia "sio juu karibu na barafu, itaganda." Kila akija mteja anataka soda, anaitoa mwenyewe, hamwachii mtu mkono.

Jioni tukasikia wamekubaliana, mgomo umesitishwa. Saa nane usiku simu ya loji inalia, tunatakiwa uwanjani kabla ya saa kumi. Teksi imeshafika. Nashuka mbio, mgahawa umefungwa, na friji limezungushwa mnyororo na kufuli. Naliona kopo kwenye kioo. Naliona, siwezi kulishika. Mama wa mgahawa anakaa mtaa wa Pipeline na ufunguo anao yeye.

Laini yangu ya nyumbani haikushika mtandao. Mlinzi, mzee wa makamo, hana salio. Nikamwambia baba, tuvunje kioo, nitalipa. Akasema, "Ngoja kwanza, binti yangu." Akabonyeza Okoa Jahazi, akakopa salio, akampigia yule mama. Akapokea mlio wa kwanza.

Juu chumbani bimkubwa ameshavaa buibui lake, amekaa ukingoni mwa kitanda, anasoma Yasini. Dereva anapiga honi. Mimi nimesimama mlangoni nimeshika viatu mkononi, sijui kwa nini nilivivua. Kisha nikasikia boda. Yule mama amejitanda leso kichwani, sweta amelivaa kinyume. Akafungua, akanipa kopo, akaniambia "hesabu." Nikahesabu, zimetimia. Pesa aliyotaka ni nauli ya boda tu, mia mbili.

Tulifika uwanjani tukakaa sana kwenye foleni, tukaondoka mchana. Bimkubwa alitibiwa na karudi, yupo, jana kanituma samaki. Kila nikisikia Embakasi namuombea dua yule mama na yule mlinzi.

Mama Shiru
Nimelia hapa kazini, wanauliza nina nini.

Mzee wa Mizigo
Okoa Jahazi imeokoa jahazi kweli. Mlinzi huyo atafutwe.

Bwana Ratiba
Pole dada, lakini dawa ya kutegemea uhai unaifungiaje kwenye friji la mtu baki? Ungekaa nayo chumbani.

kajumbe
Wewe Bwana Ratiba uliza kwa adabu. Mtu ana mgonjwa, mgomo, mji si wake. Ungefanya nini?

Bwana Ratiba
Nimeuliza tu. Hapa si tunapeana uzoefu?

Nesi Zai
Nijibu mimi maana ndiyo kazi yangu, na wengi wanasafiri na wagonjwa wa sukari. Alichofanya dada si kosa. Insulini ambayo haijaanza kutumika inahifadhiwa kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha. Yule mama wa mgahawa alijua kuliko wengi, ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Ila peni iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje ya friji karibu wiki nne kwa aina nyingi, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30. Soma karatasi ya dawa yako. Nairobi Septemba usiku ni baridi, kwa hiyo ile ya kutumia ibaki na mgonjwa chumbani, za akiba ziende kwenye friji. Hapo hata kufuli likigoma, dozi ya asubuhi mnayo.

Na kwenye ndege dawa hizo zikae begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Msiziweke kwenye mzigo wa chini, kule zinaweza kuganda au kupotea na sanduku.

Bint Kikwajuni
Ahsante sana Nesi. Hili la kuzigawa nitalishika, tunarudi tena kliniki mwakani inshallah.

Mjomba Donholm
Wale waliogoma nao wangefikiria wagonjwa. Unafunga uwanja wa nchi nzima?

Soja wa Tena
Mjomba, ndugu yangu alikuwa mmoja wao. Mkataba wa miaka 30 walikuwa hawajaelezwa, kazi zao wangeziuliza kwa nani? Na Novemba mwaka huo huo rais mwenyewe akaufuta. Kwa hiyo walikuwa na hoja.

Mjomba Donholm
Hoja walikuwa nayo. Bimkubwa naye alikuwa na hoja ya kufika hospitali.

Mkazi wa Syokimau
Wakuu, hilo la mkataba lina mahali pake, naombeni turudi kwenye vyumba. Wote wawili nimewasikia.

Dada Lindi
Langu fupi. Mnaotoka pwani chukueni sweta na soksi. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa saba ile baridi ya usiku inaingia hadi kwenye mifupa. Loji nyingi zinatoa blanketi moja jembamba. Ombeni la pili mchana, usiku wanasema yameisha. Na mifuko ya plastiki acheni huko huko, Kenya imeipiga marufuku tangu 2017.

Mzee wa Mizigo
Na kandambili zako. Zile za bafuni zinavaliwa na dunia nzima.

kajumbe
Na plagi! Kenya ni ya pini tatu za mraba. Nilikuta mtu ameingiza mbili kwa kijiti cha kiberiti.

Nesi Zai
Kijiti kwenye soketi hapana jamani. Mwombe mapokezi adapta.

Ali wa Moroni
Salamu wadau. Mimi nafika Jumamosi saa saba usiku kutoka Moroni, naondoka saa nne asubuhi kwenda Entebbe. Tiketi nimenunua mbili tofauti. Nilale hoteli au nikae humo humo ndani?

Mama Shiru
Lala, kaka. Mlolongo. Nitakupa namba ya teksi ya uhakika.

kajumbe
Saa saba hadi saa nne? Ukitoa foleni ya uhamiaji na kuwahi kurudi, unalipia chumba kwa saa tatu za usingizi. Kaa.

Teksi Cabanas
Ali, tiketi zako ni mbili. Maana yake mizigo haitavushwa, lazima upite uhamiaji, uichukue kwenye mkanda, kisha uikabidhi upya kwa ndege ya pili. Kwa hiyo nje utatoka upende usipende. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina deni na wewe wala haikungoji, hata hoteli hawatakulipia. Mwenye tiketi moja ndiye anayewabana watu wa ndege wamtafutie chumba. Angalia kabisa masharti ya kuingia Kenya kwa pasipoti yako kabla ya Jumamosi.

Ali wa Moroni
Mizigo ninayo miwili mikubwa. Kumbe haivuki yenyewe?

Teksi Cabanas
Haivuki. Chukua, toka, kaa kwenye viti vya ukumbi wa kuondokea mpaka kaunta ifunguliwe. Ukichoka sana niandikie, kuna loji Tassia mlinzi wake hasinzii.