Matajiri wa Dodoma na viwanja pori: wanalinda mali au wanajidanganya?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Familia zenye ukwasi hapa Dodoma hujisifu kwamba zimetawanya mali. Ukihesabu unakuta viwanja Iyumbu na Nala, nyumba za kupangisha Kisasa, na loji ya wageni wa Bunge. Mali tatu, mteja mmoja: serikali. Iliposukumwa kuhamia huku 2016, bei zote zilipanda pamoja. Posho zikikatwa, loji inalala tupu, mpangaji anaanza chenga, kiwanja hakipati mnunuzi. Zote kwa mpigo. Na wakati hao wanashikilia mapori katikati ya mji, sisi tunajenga kusiko na maji wala barabara. Nasema kodi ya pango la ardhi ipandishwe kwa kiwanja kisichoendelezwa. Nipingeni.

Mdau wa Area D: Huo ni wivu, ndugu. Ardhi haiozi. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, Desemba ikarudi karibu 2,400. Waliokimbilia dola waulize. Kiwanja cha mzee wetu, alichopewa enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani iliyogawa viwanja hapa Dodoma, kipo palepale.

Mleta mada: Kipo palepale kikiota miiba. Kimeingiza shilingi ngapi?

Dada wa Majengo: Mimi na mume wangu tumehamia hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba. Unaanza na milioni moja, riba inaingia kila miezi sita, na haikatwi kodi. Zile za miaka 25 zilipotoka 2021 zilikuwa asilimia 15.95. Mwaka uliofuata toleo jipya likashushwa hadi 12.56, basi wenye za zamani wakawa wanabembelezwa wauze.

Mdau wa Area D: Kumbe na wewe mteja wako serikali ileile! Na riba mpya zikipanda, yako ya zamani nani ataitaka kwa bei uliyonunulia?

Mleta mada: Hapo kaka umenishika, kiasi. Lakini riba inalipwa kwa kodi ya nchi nzima, haitegemei vikao vya Bunge vya Aprili hadi Juni. Na dada akiuguliwa anauza sehemu tu ya hatifungani sokoni, hata kwa hasara kidogo. Wewe utauza kona ya kiwanja?

Mkulima wa Kongwa: Mnabishana mjini tu. Ghala la mahindi Kibaigwa halijui posho, linajua mvua. Mwenye nyumba Kisasa na ghala Kibaigwa, huyo ndiye katawanya.

Dada wa Majengo: Sawa shemeji, ila hamjagusa penye moto. Hati zote zina jina la mzee mmoja. Akifariki, mirathi inakaa mahakamani, ndugu hawaelewani, na mwisho kiwanja kinauzwa kwa bei ya kutupa ili wagawane. Kodi ya pango ipande, naunga mkono. Mdau wa Area D, hicho cha CDA kina jina la nani?

Mdau wa Area D: La marehemu babu. Tunafuatilia.