Naomba ushauri: mafunzo ya udereva wa kujihami kwa madereva wa kazini, Mwanza

Habari zenu wakuu. Nasimamia madereva wa fuso zinazobeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga na Kahama. Leseni wanazo na gari wanalimudu, ila tabia barabarani inanitisha: simu sikioni, kuovateki kwenye kona, kuendesha usiku kucha bila kulala ili wawahi soko. Hata Mkuyuni na Buhongwa, penye bodaboda na wanafunzi wanaovuka, hawashuki hadi 50 kwa saa.

Nataka wafundishwe kwa vitendo huo udereva wa kujihami, yaani kuendesha kwa kuiona hatari mapema na kuiepuka. NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) wanafundisha, lakini wako Dar, ni mbali. Kwa hapa Mwanza, nani anaweza kuja hadi yadi yetu? Na je, nianze kwa kufuta malipo ya kwa tripu? Nahisi ndiyo yanayowakimbiza. Naombeni msaada, hizi ni roho za watu.