Jeki ipi inafaa kwa pikipiki isiyo na stendi kubwa?

Spana13
Habari zenu wakuu. Nina pikipiki ya cc 250 yenye stendi ya pembeni tu, stendi kubwa haina. Nataka kazi ndogondogo nizifanye mwenyewe nyumbani: kusafisha mnyororo, kuukaza ukilegea, kutoa tairi la nyuma. Baadaye nitoe na la mbele nikague beringi. Nimeona jeki ya mkasi inayopanda kwa kuzungusha spana, ya haidroliki inayoingia chini ya injini, na ile stendi ya bomba yenye vigurudumu viwili inayonyanyua nyuma. Zote zimeandikwa kilo nyingi kuliko uzito wa pikipiki yangu, kwa hiyo namba hizo hazinisaidii kuchagua. Sakafu ni saruji, na niko peke yangu. Naombeni ushauri.

Fundi wa Magurudumu Mawili
Mkuu, achana na jeki kwanza. Lala chini utazame tumbo la pikipiki yako, jibu liko huko. Ukiona mabomba mawili ya chesisi yanapita chini ya injini, jeki ya mkasi au ya haidroliki itapata pa kushika. Ukikutana na ekzosi, chujio la oili na kibakuli cha oili, usiweke jeki hapo hata kama imeandikwa kilo 500. Kibakuli hicho mara nyingi ni cha alumini, hakikutengenezwa kubeba uzito wa pikipiki, na kikipasuka umepata kazi kubwa kuliko ile uliyoanza nayo. Pikipiki nyingi za michezo ziko hivyo.

Kwa kazi ulizotaja, mimi ningechukua stendi ya nyuma bila kufikiri mara mbili. Vichwa vyake ni vya aina mbili. Kuna vya mpira vinavyokaa chini ya ule mkono unaoshika tairi la nyuma, na kuna vyenye umbo la V vinavyodaka bobini, yaani vipande vya mviringo vilivyofungwa kwa skrubu kwenye mkono huo. Kama mkono huo wa pikipiki yako una matundu ya bobini, chukua vya V, maana vile vya mpira vinaweza kuteleza ukianza kuvuta nati ngumu. Ila pima nyuzi za skrubu za tundu kabla ya kununua bobini: huwa ni milimita 6, 8 au 10 kulingana na pikipiki, na ukilazimisha isiyo yake utaharibu tundu.

Kunyanyua peke yako kunawezekana. Simama upande wa kushoto, acha stendi ya pembeni ikiwa chini, isimamishe pikipiki wima huku umeishika sehemu ya nyuma ya siti. Hakikisha vichwa vyote viwili vimeingia, ndipo ukandamize mpini wa stendi taratibu, kwa mwendo mmoja. Usikandamize kabla hujaona upande wa kulia kwa macho yako. Ikishapanda, funga breki ya mbele kwa mkanda.

Mama Touring
Naongezea upande wa haidroliki, kwa sababu yangu ni nzito na ina mabomba ya chesisi chini. Oili ya jeki inaweza kuvuja ndani polepole na pikipiki ikashuka huku mikono yako iko chini yake. Nunua yenye kizuizi cha chuma kinachofunga mikono ya jeki mahali pake, na ukitumie kila mara, hata kwa kazi ya dakika tano. Ikishapanda, ifunge kwa mikanda pande zote mbili. Na kumbuka mzani unahama: ukitoa tairi la nyuma, mbele kunakuwa kuzito, ukitoa la mbele, nyuma ndiko kunakovuta. Pikipiki iliyotulia vizuri juu ya jeki inaweza kuinama ghafla ekseli ikitoka tu.

Spana13
Asanteni sana. Nimechungulia: chini yote ni ekzosi, na matundu ya bobini yapo. Basi ni stendi ya nyuma. Je, la mbele nitalitoaje?

Fundi wa Magurudumu Mawili
Nyanyua nyuma kwanza, ndipo mbele. Usinyanyue mbele pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Kwa tairi peke yake, stendi ya mbele inayoshika chini ya shokapu inatosha. Siku ukitaka kutoa shokapu zenyewe, utahitaji ile yenye pini inayoingia chini ya shingo ya usukani.

Nati ya ekseli ilegeze tairi likiwa bado chini. Ukiivuta kwa nguvu pikipiki ikiwa juu, unaitingisha yote. Kuikaza kwa mara ya mwisho pia, ishushe kwanza, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu chake.

Mnyororo usafishe injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru, unazungusha tairi kwa mkono. Najua wapo wanaowasha na kutia gia ili tairi lizunguke lenyewe huku wameshika kitambaa. Tafadhali usifanye hivyo. Sproketi, yaani gurudumu la meno linalobeba mnyororo, ikidaka kitambaa inavuta na vidole, na hakuna atakayewahi kuzima.

Na ukisharudisha tairi lenye breki ya diski, bonyeza breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla hujapanda. Pedi zikisukumwa nyuma wakati wa kazi, mbonyezo wa kwanza huwa mtupu.